Lalamiko la Tatu

Katika watu wote ninaowajua, ni mimi peke yangu niliyejishtaki kwa maandishi, nikatia sahihi, nikashinda kesi, na kwa kuishinda nikapoteza cheo. Watu wa Likoni waliokuwapo wakati huo walinicheka mpaka wakachoka. Nilipoona wamechoka nikaanza kujicheka mwenyewe, maana kicheko kilikuwa bado kizima na ingekuwa hasara kukitupa.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1948. Ng'ambo ya Likoni, ukishuka feri na kufuata njia ya ufuoni kwa mwendo wa nusu saa, palikuwa na kiwanja kidogo cha gofu, mashimo tisa, cha Wazungu wa bandarini na wa mabenki. Mimi, Absalom Ngumbao, nilikuwa mnyapara wa kiwanja hicho. Nilikuwa na wafanyakazi sita chini yangu, koti la kaki lenye vifungo vya shaba, firimbi, na nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa kwa bati. Wenzangu walikaa katika vyumba vya makuti, kimoja kimoja. Mke wangu Kafedha alikuwa ametundika mapazia ya maua katika madirisha yote mawili, na kila aliyepita aliyasifia, kwa sababu asiyeyasifia nilimwita arudi ayaone vizuri.

Huko kwao, nilisikia, Wazungu humalizia kila shimo kwenye nyasi laini zilizokatwa chini kabisa. Sisi maji ya kunyweshea nyasi hatukuwa nayo. Ya kunywa yenyewe yaligombaniwa kisimani. Basi kuzunguka kila shimo tulitandaza duara la mchanga na kuuchanganya na mafuta machafu ya injini za malori, mpaka ukashikamana na kuwa wa rangi ya kahawia. Wenyewe waliiita brauni, nasi tukaiita hivyo hivyo. Brauni husawazishwa kwa gunia lililofungwa kwenye ubao. Unaanzia shimoni, unaliburuta gunia ukizunguka na kutoka nje kidogo kidogo, huku ukirudi kinyumenyume usiache unyayo, mpaka mchanga wote ulale sawa. Ni kazi ya subira. Nilikuwa nayo siku hizo, kabla sijashika fimbo ya gofu.

Mchezaji wa gofu ni kiumbe wa ajabu. Nilifanya kazi na watu hao miaka kumi na mmoja, na sikumsikia hata mmoja akisema amepiga vibaya. Mvua ikinyesha, brauni ni nzito. Jua likiwaka, brauni ni kavu. Nyasi zikiwa ndefu zimeuficha mpira, zikiwa fupi zimeuacha ukimbie. Kunguru amelia wakati mbaya. Bwana mmoja wa forodhani aliwahi kutia mipira mitatu baharini, mmoja baada ya mwingine, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa nini bahari iko karibu hivi. Nikamjibu, "Ndiyo, Bwana." Hilo lilikuwa jibu langu kwa kila kitu.

Malalamiko yao yalikuwa na kitabu. Kilikaa kwenye meza ya barazani, kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza asije mtu akaondoka nacho kwa hasira, na kando yake ilikuwapo penseli ya zambarau, zile za kuloweshwa kwa mate. Ukiilowesha, maandishi yake huwa ya wino na hayafutiki tena. Mtunza baraza alikuwa Mutua, kijana wa Kikamba aliyesoma Kiingereza, na kila alasiri jikoni alitusomea yaliyoandikwa. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nikisema, "Mtu mzima, ana mke na watoto, anakaa chini kuandika barua juu ya mchanga!"

Kucheka kwenyewe, hata hivyo, nilicheka kwa tahadhari, maana kitabu kile kilikuwa na meno. Katibu wa klabu alikuwa mzee wa Kizungu tuliyemwita Kapteni, aliyekuwa ameendesha meli maisha yake yote, na kiwanja alikiendesha kama meli. Sharti lake lilikuwa moja na kila mtu alilijua: malalamiko matatu juu ya brauni, yaliyoandikwa na kutiwa sahihi ndani ya mwaka mmoja, na mnyapara anavuliwa koti. Hakuangalia nani amelalamika wala kwa nini. Mnyapara aliyenitangulia alivuliwa hivyo, nami koti nililivaa likiwa bado na joto lake.

Mwaka ule nilikuwa nimeshapata mawili. La kwanza, mwezi wa tatu, lilihusu nyayo za kuku kwenye brauni ya pili. Kuku mwenyewe alikuwa wa Kafedha. Tulimla siku hiyo hiyo, kwa hasira, na wala hakuwa na nyama. La pili, mwezi wa nane, liliandikwa na bibi mmoja mwenye kofia pana, aliyesema kwamba kwenye brauni ya sita mpira wake umeingia katika tundu la kaa.

Hili lilikuwa kweli. Brauni ya sita ilikuwa kando kabisa ya ufuo, na kaa wa mchangani hajui mpaka wa klabu. Usiku hupanda, huchimba, na asubuhi unakuta tundu la upana wa vidole viwili na rundo dogo la mchanga mdomoni pake. Jikoni nililitangaza lalamiko lile kwa sauti ya bibi mwenyewe, nikishika kiuno, na watu wakagaagaa kwa kicheko. "Mnamsikia? Amshtaki kaa basi! Ampeleke kortini!" Lakini tangu siku hiyo sikumwachia mtu mwingine brauni ya sita. Kila alfajiri nilikwenda mwenyewe, nikatafuta matundu, nikayaziba kwa makumbi ya nazi na udongo, nikayafunika kwa mchanga wa mafuta, nikaburuta gunia. Tangu mwezi wa nane hadi Krismasi hakuna tundu lililonipita.

Sasa nimtaje Tsuma. Tsuma alikuwa kaka yake Kafedha, shemeji yangu, na kazini nilimwingiza mimi, jambo ambalo nilimkumbusha mara kwa mara asije akalisahau. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu asubuhi alikujibu, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya siku hiyo. Nilimwona mzito kidogo wa akili. Ndivyo tunavyowaona watu wasiobishana nasi.

Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, Wazungu walituachia kiwanja tushindane wenyewe, wafanyakazi na wabeba mifuko ya fimbo, na zawadi ilikuwa mbuzi. Miaka yote hiyo sikuwahi kucheza. Niliona si heshima kwa mnyapara. Lakini mwaka ule Kapteni alinipa fimbo moja kuukuu ya chuma iliyopinda shingo, na kwa majuma matatu nikawa najificha nyuma ya ghala nikizipiga kokwa za maembe. Zilikwenda vizuri. Nikajiambia kwamba mtu aliyewatazama wachezaji miaka kumi na mmoja, akajua makosa yao yote, hana kosa la kufanya.

Alfajiri ya siku hiyo Tsuma alikuja kunitafuta. Alinikuta nyuma ya ghala, nimevaa koti lenye vifungo, naupiga upepo.

"Shikamoo, shemeji," alisema. Nilikuwa nimemzidi miaka miwili tu, lakini niliipokea.

"Marahaba."

"Tumeshafagia zote. Niende na ya sita?"

"Ya sita ni yangu," nilimwambia. "Usiiguse. Unajua wewe kaa anavyozibwa?"

Akaenda zake. Nami nilikuwa na nia ya kwenda, Mungu ni shahidi. Lakini mkono ulikuwa ndio kwanza umepata moto, na kokwa moja ilikuwa imeruka mpaka juu ya mkorosho. Nikaona nipige kumi tena, kisha kumi nyingine, na firimbi ya Kapteni ikalia. Nikasema moyoni, hata kaa huwa na sikukuu.

Kapteni alisimama barazani akiwa na kikombe cha chai na kutuhutubia kwa Kiswahili chake. "Leo mimi iko mtumishi, nyinyi iko wachezaji. Kila haki ya mchezaji, leo haki yenu. Sawa?" Nadhani alikusudia chai na viti. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu nililiamini neno lile kabisa.

Nilipangwa na Tsuma. Kwenye shimo la kwanza mpira wangu ukajificha.

"Nyasi hizi ndefu mno," nilisema. "Nani amezifyeka?"

Tsuma alinitazama kidogo. "Si wewe, shemeji? Juzi."

"Basi zimeota tena," nikasema.

Kwenye la pili ardhi ilikuwa ngumu. Kwenye la tatu kunguru alilia, nami nikageuka na kumtazama kwa macho ya yule bwana wa forodhani, ingawa wakati huo sikujua kwamba ni yale. Kwenye la nne nilimwambia mtoto wa mpishi asipumue. Tsuma yeye alikuwa akiupiga mpira, akiufuata, akiupiga tena, kama mtu anayesindikiza ng'ombe. Tulipomaliza la tano tulikuwa sawa kwa mapigo, na hakuna mwingine aliyekuwa karibu nasi. Mbuzi alikuwa wangu au wake. Watu wakaanza kutufuata, Kapteni pia, na koti langu likanibana kwa fahari.

Kwenye la sita nilipiga pigo ambalo sijawahi kulipiga tena maishani. Mpira ulipanda, ukashuka brauni, ukasimama hatua mbili kutoka shimoni. Watu wakasema, "Ooo!" Wa Tsuma ulikuwa mbali, na aliumaliza kwa mapigo mawili. Ikabaki zamu yangu. Sheria inamruhusu mchezaji kuburuta gunia mbele ya mpira wake kabla ya kupiga, kusawazisha njia. Mutua akanisogezea ubao na gunia.

"Brauni yangu haihitaji kuburutwa," nilimwambia, kwa sauti ya kutosha kumfikia Kapteni.

Nikapiga. Mpira ukaenda sawasawa, taratibu, ukifuata mstari niliouona kichwani, na mimi nikaanza kuinua mikono. Ulipobaki shibiri moja kufika shimoni ukapotea. Ulididimia tu, kama uliokumbuka jambo nyumbani. Nilipiga magoti, nikaingiza kidole, na kitu kilichokuwa ndani kikanishika kidole.

Sitasimulia kelele niliyopiga. Wabeba mifuko bado wanaiigiza.

Kapteni hakunionea. Alisema mpira ulioingia katika tundu la mnyama huwekwa nje, kando ya tundu, bila adhabu, na mtu akaendelea. Akaniwekea mwingine mwenyewe. Ulikuwa shibiri moja kutoka shimoni. Mtoto wa mpishi angeusukuma kwa kidole cha mguu. Lakini mimi nilikuwa natetemeka kwa hasira, kidole kinatoka damu, watu wamekaa chini kwa kucheka, na nikaupiga ukapita upande wa kulia. Nikaupiga tena ukapita wa kushoto. Mara ya tatu ukaingia.

Wahenga walisema hasira hasara, na kwangu hasara hiyo ilihesabika: kaa alinila pigo moja, hasira yangu ikanila mawili. Mwisho wa mchezo Tsuma alinishinda kwa mawili. Hesabu hiyo niliijua siku ile ile, lakini niliiona jinsi Wazungu wanavyoiona, yaani mapigo yote matatu niliyaweka juu ya kaa.

Tsuma alipewa mbuzi wake. Aliishika kamba, akasema "Asante," na hotuba ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nimeshafika barazani.

"Mutua," nilisema, "nipe kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha malalamiko. Mimi leo ni mchezaji. Umemsikia Kapteni mwenyewe."

"Lakini Ngumbao, hebu kumbuka hicho kitabu..."

"Usinifundishe kazi! Nipe penseli!"

Nikakaa kwenye kiti cha mchezaji. Nililowesha penseli kwa ulimi na kuandika kwa mwandiko niliofundishwa misheni Rabai, herufi moja moja, na kila neno nikailowesha tena ili lishike vizuri. Niliandika hivi: *Brauni ya sita ni aibu ya klabu. Ina tundu la kaa kubwa la kuingia mkono. Anayeitunza ama ni mvivu ama hana macho, na mtu wa namna hiyo hafai kuwekwa kazini. Absalom Ngumbao, mchezaji.* Nikaisoma mara mbili. Niliona raha ambayo sikuwahi kuiona, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini watu wazima wenye wake na watoto hukaa chini kuandika juu ya mchanga.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Kafedha alikuwa jikoni anakuna nazi. Alinitazama, akaacha kukuna.

"Baba Nyamvula, ulimi wako una nini? Umekula zambarau?"

Nikamweleza yote, mpira, kaa, kidole, dhuluma, na jinsi nilivyowaandikia bila kuogopa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, kama anayemuuliza mtoto aliyeanguka mtini, "Lile la kuku lilikuwa mwezi wa tatu?"

"Ndiyo."

"Na la yule bibi wa kofia, wa nane?"

"Ndiyo."

"Na hili la leo?"

Nilisikia baridi ikinipanda miguuni, mchana wa Desemba, Likoni. Kafedha aligeuka akayatazama mapazia yake, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningalijua la kusema.

Nilikimbia kurudi klabu. Mutua alikuwa anapanga viti, na alipoona naja mbio alinifungulia kitabu bila kuulizwa. Nilisugua kwa kipande cha mkate, haikufutika. Nikatia mate, na maneno yakazidi kuwa meusi. Nikataka kuchana ukurasa, lakini Kapteni alikuwa ameupa kila ukurasa namba kwa mkono wake, kama kitabu cha melini.

"Usiendelee kusugua," Mutua aliniambia. "Utafanya wasome wakiwa ng'ambo." Kisha akaacha mzaha. "Nilitaka kukwambia, wewe ukanikatiza. Pole, ndugu yangu."

Sikulala. Miaka kumi na mmoja niliwacheka watu wanaojipigia mpira wao vibaya wakamtafuta mtu wa kumbebesha. Nyani haoni kundule, na langu lilikuwa limeandikwa kwa wino.

Asubuhi Kapteni aliniita barazani. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno: ama ni mvivu ama hana macho. Alipofika "mchezaji" alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikafikiri, akicheka nimepona.

Hakucheka. "Hii lalamiko ya kweli," alisema. "Mimi naona tundu na macho yangu. Na hii iko namba tatu."

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini sikiliza. Kama brauni ya sita iko kazi ya mtu mwingine, mtu wewe alituma, yeye hakwenda, basi kosa yake. Yeye nafukuzwa, wewe nakaa. Nani iko kazi ya sita jana?"

Hatua tano kutoka hapo Tsuma alikuwa amesimama na ubao na gunia lake, anangoja amri za asubuhi. Alisikia kila neno. Hakuinua macho. Wala hakufungua mdomo kusema kwamba alfajiri alikuja kuniuliza na nikamkataza, jambo alilolijua yeye, nami, na Mungu.

Ningependa kuandika kwamba nilijibu mara moja. Sikujibu mara moja. Jina la Tsuma lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilijiambia hana watoto bado, atapata kazi kule Changamwe, ana mbuzi. Nilijiambia kwamba kazini nilimwingiza mimi, kwa hiyo na kumtoa naweza kumtoa. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi. Kisha nikakumbuka ndimi zetu: wa kwake, usiosema kitu, na wa kwangu, ambao ulikuwa bado wa zambarau.

"Ilikuwa kazi yangu, Bwana," nilisema. "Yeye aliomba aende, mimi nikamkataza. Nilikuwa nafanya mazoezi."

Kapteni alinitazama. Alisema jambo kwa Kiingereza, na Mutua baadaye alinitafsiria: kwamba katika maisha yake yote ya gofu hajawahi kumsikia mchezaji akisema hivyo. Niliposikia nikadhani nitarudishiwa koti. Lakini mtu wa meli ni mtu wa meli. Sharti likabaki sharti. Sikufukuzwa, nilipewa gunia na ubao, na kazi yangu ikawa brauni ya sita. Koti nililivua pale pale barazani. Kapteni akampa Tsuma. Lilimbana mabegani.

Tulihama siku hiyo hiyo, hatua arubaini, kutoka bati kwenda makuti. Mpanda ngazi hushuka, lakini kwa kawaida hashuki akiwa amebeba kitanda kichwani huku aliyepandishwa akimsaidia kushika miguu yake. Kafedha aliyakunja mapazia, akayakunjua tena, akamwachia mke wa kaka yake. "Yalishonwa kwa kimo cha madirisha yale," aliniambia. Chumba chetu kipya kilikuwa na dirisha moja, na lile lilizibwa kwa gunia. Nikamwomba msamaha. Akasema atanisamehe, ila nimpe muda. Alichukua mpaka Pasaka.

Mwaka mzima uliofuata nililea brauni ya sita kama mtoto njiti. Kaa wa ufuo ule walinijua kwa sura. Kitabu cha malalamiko hakikupata hata neno moja juu ya mchanga, mwaka mzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilianza kusema jikoni kwamba tatizo la kiwanja kile siku zote lilikuwa uongozi, halafu nikakumbuka uongozi ulikuwa nani.

Ikaja tena siku ya pili ya Krismasi. Mimi sikucheza. Nilikaa kando ya brauni yangu tangu alfajiri na gunia mapajani, nikamngoja Tsuma. Nilikuwa nimemwandalia. Nilijua ladha ya fimbo sasa, nilijua inavyompanda mtu kichwani, na nilijua kwamba siku moja hata Tsuma atakosa mpira, atainua macho, atatafuta wa kumbebesha. Nilikuwa na majibu tayari. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi usiku, Kafedha akaniambia ninyamaze.

Alifika akiongoza. Mpira wake ulikuwa hatua moja tu kutoka shimoni. Akapiga, na mpira ukaenda vizuri, halafu karibu na shimo ukakunja kidogo, ukapita kando. Mwisho wa mchezo, ni kwa pigo hilo moja alikosa mbuzi.

Wote walinigeukia. Mutua alikuwa amesimama na kitabu kwapani, kimefunguliwa mezani, kamba yake inaning'inia. Sijui nani alimtuma. Mimi nikasimama, nikafungua mdomo nianze utetezi wangu, na hapo nikaona alichokiona Tsuma. Karibu kabisa na shimo, mahali mpira ulipokunja, mchanga ulikuwa umeinuka. Rundo dogo, kiasi cha kijiko. Kaa alikuwa chini, ndio kwanza anatoka. Asubuhi sikuwa nimeliona.

Tsuma alitembea mpaka pale, akauweka unyayo wake juu ya rundo lile, akakanyaga, akausimamisha hapo. Akainama kuokota mpira wake.

"Mkono wangu tu," alisema.

Kisha akanyoosha koti lile linalombana, akaenda zake shimo la saba.

Nimejaribu kujiambia kwamba alikuwa analinda cheo chake. Lakini kitabu kilikuwa kitupu mwaka ule, na lalamiko moja lisingemfanya kitu yeye, lingenifanya mimi. Nimejaribu pia kujiambia kwamba hakuliona. Aliliona. Nilikuwa na majibu ya mwaka mzima kinywani na hakuniachia hata moja la kusema, akaniacha nimesimama mbele ya watu na gunia mkononi, machozi yananilengalenga, kaa ananichungulia.

Mpaka leo sijamsamehe.